UCHAMBUZI: Tajriba ya muuguzi huvuka mpaka, leseni hukwama

MUUGUZI aliyehudumu wodini kwa miaka 15 angetarajiwa kuhama jimbo moja hadi jingine nchini Marekani bila bughudha. Hali halisi ni tofauti, na wauguzi wengi wenye asili ya Kenya wanaofanya kazi huko hawana budi kuielewa kabla ya kufunga virago.

Kiini cha tatizo ni kwamba leseni ya uuguzi Marekani haitolewi na serikali ya shirikisho bali na bodi ya kila jimbo. Mtihani wa NCLEX ni mmoja kote nchini, na aliyeupita halazimiki kuurudia. Hata hivyo, ni sharti aombe idhini ya jimbo analohamia, alipe ada na rekodi yake ichunguzwe upya. Wakati huo wote, kodi ya nyumba haimsubiri.

Mkataba wa leseni ya pamoja, uliobuniwa takriban miaka 25 iliyopita na kuimarishwa 2018, ulinuiwa kuondoa usumbufu huo. Zaidi ya majimbo 40 yamejiunga nao, Texas likiwemo. Lakini leseni hiyo hufungamana na makao ya mhusika. Tangu Januari 2024, anayehamia jimbo jingine mwanachama hutakiwa kuomba leseni mpya katika muda wa siku 60. Aidha, leseni hiyo haina nguvu California, jimbo ambalo limekataa kujiunga.

Ajabu ni kwamba California ndiyo huwavutia wengi. Sheria iliyopitishwa huko 1999 na kuanza kutekelezwa 2004 huweka kikomo cha wagonjwa 5 kwa muuguzi mmoja katika wodi za kawaida, na 2 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mishahara nayo ni minono. Hata hivyo, makazi ni ghali mno, na jimbo hilo hutoza kodi ya mapato ilhali Texas haitozi. Donge nono kwenye karatasi laweza kuyeyuka kabla ya mwisho wa mwezi.

Hasara nyingine haionekani kwenye hati ya malipo. Katika hospitali nyingi, zamu na likizo hugawanywa kwa kuzingatia muda ambao mtu amehudumu papo hapo. Mkongwe wa Dallas akifika Sacramento huenda akajipata akikesha usiku na wakati wa Krismasi pamoja na wanagenzi.

Walioajiriwa kupitia mawakala nao huandamwa na kandarasi. Mnamo 2019, mahakama ya shirikisho jijini New York iliamua kuwa adhabu ya dola 25,000 waliyowekewa wauguzi kutoka Ufilipino ili wasiache kazi mapema ilikiuka sheria. Uamuzi huo ni funzo kwa yeyote anayetia sahihi bila kusoma.

Wakenya hawapaswi kuyaona haya kuwa mageni. Nchini, leseni ya Baraza la Wauguzi hutambuliwa katika kaunti zote 47, lakini tangu huduma za afya zigatuliwe 2013, mwajiri ni kaunti, na uhamisho kutoka moja hadi nyingine umekuwa mgumu.

Kwa hivyo, anayekusudia kuhama hana budi kupata leseni mpya kwanza, kisha ajira, na kujiuzulu kuje mwisho. Wahenga walionya kuwa usiache mbachao kwa msala upitao.