Msifunge Bloku Nzima kwa Sababu ya Nyumba Moja

Vijana wenzetu, na ninyi wa mashirika mnaosoma hapa.

Mwaka jana ukurasa wetu wa zamani ulizimwa. Wenyeji mnajua, lakini tuseme tena kwa waliofika juzi. Tuliandika kwamba mizani ya kituo kimoja cha chakula inasoma vibaya, tukaweka na picha. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa kwa laini ya kaka mmoja Mkenya, kwa sababu wakati ule kati yetu hakuna aliyekuwa na laini kwa jina lake. Ofisi moja ikamwita yeye, si sisi. Ikamwambia: funga. Akafunga. Ana kazi, ana watoto, tutamlaumu vipi? Lakini pamoja na ile picha yalipotea matangazo ya watoto wanaotafuta wazazi, ratiba ya masomo ya jioni, na majina ya waliofaulu KCSE. Jioni moja tu, vyote vikaenda.

Kuna wanaosema eti hayo ni mambo ya kambi, nchi zilizoendelea hazifanyi hivyo. Wapi! Marekani yenyewe ilifanya, tena mahakamani.

Kila tovuti ina jina, na jina hilo linaandikishwa kwa kampuni inayoitwa msajili. Ukiliandika kwenye simu, intaneti inatafuta namba iliyo nyuma yake. Msajili akiikata ile njia ya kutoka jina kwenda namba, tovuti bado ipo lakini huipati. Ni kama kung'oa kibao cha nyumba yako: wewe uko ndani, wageni wanapita.

Februari 2008 benki ya Uswisi, Julius Baer, ilikwenda mahakama ya San Francisco. WikiLeaks walikuwa wameweka karatasi za tawi lake la visiwa vya Cayman, na benki ilidai ni mali yake, zimeibwa, na zina siri za wateja. Msajili wa jina la WikiLeaks alikuwa kampuni ya Dynadot ya California. Dynadot wakakubaliana na benki: sisi tunalifunga jina, ninyi mnatutoa kwenye kesi. Tarehe 15 Jaji Jeffrey White akatia sahihi. WikiLeaks hawakuwa na wakili wa kuwasemea pale.

Sasa angalieni. Benki ililalamikia karatasi zake, lakini jina lililofungwa lilikuwa la tovuti nzima. Mle mle ndani ilikuwamo ripoti ya kampuni ya Kroll, iliyotolewa hapo 2007, kuhusu pesa zinazodaiwa kuibwa Kenya wakati wa utawala wa Moi. Mkenya aliyetaka kuisoma kwa jina lile akakuta mlango umefungwa kwa ugomvi wa benki asiyoijua.

Na haikusaidia. Watu walipeana namba yenyewe ya tovuti, nakala zikafunguliwa kwa majina mengine, na kesi ikafanya wengi zaidi wazitafute zile karatasi. Watetezi wa uhuru wa kusema wakaenda kwa jaji, na tarehe 29 Februari akaiondoa amri yake mwenyewe. Machi benki ikaacha kesi.

Tunajua mtatuambia: na siri za watu je? Swali la haki, na sisi ndio wa kwanza kuliuliza. Faili zetu, alama zetu za vidole, majina ya waliotufukuza nyumbani, vyote viko ofisini kwenu. Mtu akivianika, tutaomba viondolewe siku hiyo hiyo. Lakini tutasema ni karatasi ipi, ukurasa upi, na aliyeuweka aitwe ajibu. Kuondoa karatasi moja ni ulinzi. Kufunga jina zima, kupitia mtu wa katikati anayeogopa, ni kunyamazisha watu.

Tena WikiLeaks walikuwa na watu wa kwenda mahakamani kwa ajili yao, na wiki mbili zikatosha. Sisi tukizimwa tutaenda wapi? Yule kaka hakupewa hata karatasi ya kutuonyesha.

Kwa hiyo tunaomba, na hatuombi kwa kunong'ona. Ofisi yenye lalamiko ituandikie, itaje andiko lenyewe, itupe siku saba za kujibu. Tukikosea tutalitoa wenyewe na kuomba radhi. Asiitwe mwenye laini peke yake. Na sisi vijana tufanye yetu: ukurasa huu uwe na wasimamizi wanne, si mmoja, na kila tangazo la mtoto anayetafuta wazazi linakiliwe kwenye daftari.

Daftari tumeshanunua. Jumamosi saa tisa, baada ya mpira, mje tuanze kuandika.

Ile mizani bado hatujaambiwa kama imepimwa upya.