Mchai Unavyokua

Atokaye Mafubira kwenda Kampala, akiisha kuvuka Nile na kuukaribia msitu wa Mabira, huona mashamba ya chai yaliyo sawasawa kama mkeka uliotandikwa, kimo chake hakifiki kifuani pa mtu. Wengi hudhani kwamba mmea huo umeumbwa mfupi. Sivyo. Mchai ni mti; ukiachwa huweza kufika meta 10 na kuzidi. Kinachouzuia ni kisu, pamoja na vidole vya wachumaji.

Siku hizi aghalabu huanzishwa kwa kipandikizi, yaani kipande kifupi cha tawi chenye jani moja. Huchomekwa katika kifuko cha nailoni chenye udongo, kikawekwa kivulini kitaluni miezi 8 hadi 12. Ukiisha kushika shambani hukatwa kichwa mapema ili utanue matawi kandokando. Baada ya miaka mitatu hivi huchumwa kwa kawaida: majani mawili na chipukizi lake, kila siku 7 hadi 14. Ncha moja ikiondolewa, mmea hutoa nyingine chini yake, na hivyo hauchoki maadamu mvua ipo.

Jambo moja akina mama walijue. Majivu, ambayo tumezoea kuyamwaga migombani kwa faida, kwa mchai ni madhara, kwa kuwa hupenda udongo wenye uchachu na majivu huuondoa uchachu huo. Ndani ya shamba zuri huonekana pengine doa la michai dhaifu, ya manjano. Wakichunguza, hukuta kwamba zamani hapo palikuwa na nyumba na jiko lake.

Mwaka 1972 Uganda ilitoa karibu tani 23,000 za chai. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, wenye mashamba wengi wakaondoka, vipuri vikaadimika, wachumaji wakatawanyika. Mwaka 1981 hazikupatikana hata tani 3,000. Ajabu ni kwamba michai mingi haikufa, ilikua! Mashamba yakageuka vichaka na misitu, na waliokuja kuyafufua iliwabidi kuikata mpaka karibu na shina, kisha wangoje ichipue upya.

Basi askari anayekaribia kustaafu, mwenye kiinua mgongo chake na ekari mbili tatu, asivutwe na uzuri wa mkeka ule. Jani lililochumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, ama sivyo hupata joto guniani na kuharibika. Tena kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Hapa kwetu, jirani na miwa ya Kakira, mimi nisingeharakisha. Kabla ya kununua mche hata mmoja, aulize kiwanda kiko umbali gani, na gari la kukusanya majani hupita njia yake siku ngapi kwa juma.