Pikapu ya Besi ya Kusimama: Tazama Kazi Kabla ya Kutazama Bei

Ndugu msomaji, litajwapo neno "pikapu", wengi wetu hufikiria gari dogo la kuchukulia mizigo. Pikapu ya juma hili haina magurudumu. Ni kifaa kidogo kinachofungwa katika chombo cha muziki ili kuugeuza mtetemo uwe umeme. Umeme huo hupelekwa katika amplifaya, na hatimaye hutoka katika spika ukiwa sauti.

Swali limeletwa na mpiga besi wa bendi ya kikosi kimoja. Wanayo besi kubwa ya kusimama yenye nyuzi nne za chuma, naye huipiga kwa vidole. Tangu bendi ilipoongeza magitaa ya umeme na dramu, besi hiyo haisikiki ukumbini. Wenzake wameanza kushauriana iwekwe ghalani na linunuliwe gitaa la besi. Fedha walizochanga zatosha pikapu moja ya bei kubwa, basi. Je, achague ipi?

Shida hii si ngeni. Uzi mnene kuliko yote wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo yahitaji nguvu nyingi ili sikio lipate kuitambua. Mwaka 1946, Everett Hull wa Marekani alitengeneza maikrofoni iliyokaa ndani ya tumbo la besi, ikishikwa na ule mguu wa chini unaosimamisha chombo. Mwaka 1951, Leo Fender akatoa gitaa la besi la umeme liitwalo Precision, na wapigaji wengi wakaziacha besi kubwa. Hata hivyo, besi ya kusimama haikufa. Wapiga jazz waliishikilia, na karibu nasi imepata makao katika taarabu ya Unguja, kwa mfano katika Culture Musical Club, kikundi kilichoanza mwaka 1958. Mlio wake, unaoanza kwa kishindo kisha ukafifia taratibu, gitaa haliutoi vivyo hivyo.

Sasa tutazame aina zilizopo.

Ya kwanza ni pikapu ya sumaku, ambayo hukaa karibu na mwisho wa ubao wa vidole, chini ya nyuzi. Hii husikia chuma tu. Nyuzi za utumbo wa mnyama au za nailoni hazifai kwake. Sifa yake ni kwamba haivumi ovyo hata bendi ikipiga kwa nguvu, lakini sauti yake hukaribia ile ya gitaa la besi.

Ya pili ni pikapu ya piezo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani hutoa umeme zikibanwa. Pikapu hizi hufungwa katika daraja, yaani kile kibao cha mti kinachoziinua nyuzi. Nyingine, kama Underwood, hupachikwa katika nafasi za mbavuni mwa daraja. Nyingine, kama Realist, hulazwa chini ya unyayo wa daraja. Nyingine huwa ndani ya gurudumu dogo la kupandishia na kushushia daraja, na hizo yapasa zifungwe na fundi wa vyombo vya nyuzi, kwa kuwa miguu ya daraja hukatwa. Piezo hukubali nyuzi za kila aina.

Ya tatu ni maikrofoni. Hii hutoa sauti iliyo karibu zaidi na ya besi yenyewe, na kwa mpigaji atumiaye upinde aghalabu ndiyo bora. Lakini husikia pia dramu na tarumbeta za jirani, kwa hiyo haifai katika bendi yenye makelele.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Umeme wa piezo ni dhaifu, na hautaki kuvutwa kwa nguvu. Ukiutia katika tundu la mashine lenye ukinzani mdogo, sauti nzito ndizo zitakazopotea kwanza, nawe utabaki na mlio mwembamba kama wa kopo. Chukua mfano wa pikapu yenye uwezo wa nanofaradi 1. Ikiunganishwa na tundu lenye ukinzani wa megaomu 1, sauti zote zilizo chini ya mitetemo 159 hivi kwa sekunde huanza kupungua, na ule uzi wetu wa mitetemo 41 umo humo. Ukinzani ukiwa megaomu 10, mpaka huo hushuka hadi mitetemo 16, na besi yote hupita salama. Kwa sababu hiyo kuna kisanduku kidogo cha kukuzia sauti mwanzoni, kinachowekwa kati ya pikapu na amplifaya. Anayenunua pikapu ya thamani bila kisanduku hiki amenunua pampu ya maji akasahau bomba.

Jambo jingine ni mvumo. Spika hutikisa tumbo la besi, tumbo hutikisa daraja, pikapu huchukua tena, amplifaya hukuza tena, na mara ukumbi mzima hunguruma. Dawa yake ni kutoielekeza spika kwenye tumbo la besi, kupunguza sauti zilizo chini mno katika amplifaya, na kuyaziba kwa sponji yale matundu mawili ya usoni mwa besi.

Basi, jibu letu ni hili. Kwa kuwa besi hiyo hupigwa kwa vidole katika bendi yenye dramu, fedha zisiishie katika pikapu ghali. Zigawanywe: inunuliwe piezo ya bei ya kati, ya kupachikwa mbavuni mwa daraja, pamoja na kisanduku chenye ukinzani wa megaomu kadhaa, na kwa pikapu yenye uwezo mdogo, megaomu 10. Ikiwa mvumo utashinda dawa zote hizo, ndipo ifikiriwe ya sumaku.

Tahadhari ni mbili. Besi isitobolewe kwa keekee wala kupigwa skrubu usoni. Wala nyuzi zote zisilegezwe kwa mara moja, kwani daraja hushikwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na kijiti kinachosimama ndani ya tumbo chaweza kuanguka. Legeza uzi mmoja, fanya kazi, kaza, kisha uende wa pili.

Na kwa kuwa fedha ni za mchango, bei ziandikwe, stakabadhi itunzwe, na vifaa vijaribiwe mbele ya wachangaji wote. Mali bila daftari huisha bila habari. Vikishajaribiwa hivyo, kila mmoja ataamua kwa masikio yake kama besi ile yastahili ghala au jukwaa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.