Maelezo Binafsi Si Hati ya Umaskini

Mwezi uliopita mhitimu wetu mmoja aliniletea maelezo binafsi aliyoyaandaa kwa ajili ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza. Aya ya kwanza ilisema kwamba tangu utotoni alikuwa na ari isiyo kifani ya kuibadilisha jamii yake. Katika aya ya pili baba yake alifariki dunia. Nikaacha kusoma. Baba huyo nilimpa mkono siku ya mahafali. Alikuja na gari lake mwenyewe, akanilalamikia kwa kirefu kuhusu maegesho ya chuo.

Nilipomwuliza binti huyo, hakuona haya sana. "Dokta," akaniambia, "wote wanaandika hivyo. Ukiandika kwamba umelelewa vizuri, nani atakusoma?"

Swali lake si la kipuuzi, na ndiyo maana linanikera. Kizazi kizima cha wasomi wetu kimekua kikiamini kwamba mlango wa ugenini hufunguliwa kwa machozi. Imani hiyo tumeipata katika maandiko ya miradi, ambamo kijiji hakina budi kuwa hoi kabla hakijapewa kisima, na katika vipeperushi vyenye picha ya mtoto asiye na viatu. Mwombaji wa chuo naye akishika kalamu huandika andiko la mradi, na mradi wenyewe ni yeye.

Lakini hebu tuyasome maswali yenyewe. Kwa waombaji wa shahada ya kwanza wanaoingia vyuo vya Uingereza kuanzia mwaka 2026, UCAS, chombo kinachoratibu maombi ya udahili huko, kimeachana na insha moja ndefu na kuweka maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kingine cha kujiandaa. Ufadhili wa Chevening, unaokimbiliwa na watumishi wengi wa umma, huuliza kuhusu uongozi, ujenzi wa mahusiano, kozi unazozitaka na mipango yako ya kazi. Hakuna anayeuliza ulilala njaa mara ngapi. Huko Marekani, ni kweli, fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi ina swali moja linalokaribisha simulizi ya kikwazo. Hata hapo mwombaji hutakiwa aseme alijifunza nini. Aliyefiwa kweli na aseme, iwapo msiba huo ndio uliomfikisha kwenye fani anayoiomba. Ninachokipinga ni kuwazika wazazi walio hai.

Nikamwuliza jambo jingine: utafiti wako wa mwaka wa tatu ulihusu nini? Hapo akachangamka. Kwa wiki sita alivizunguka vioski 31 vya maji huko Mbagala, asubuhi na jioni, akiandika bei ya dumu la lita 20. Akabaini kwamba bei haikuwa ikipanda siku maji yanapokatika. Ilipanda siku moja kabla, kwa kuwa wauzaji walikuwa wamelisikia tangazo la matengenezo redioni. Katika maelezo yake hapakuwa na hata neno moja la hayo. "Niliona ni mambo ya kawaida tu," akasema.

Nani alimfundisha kuyaona ya kawaida? Sisi. Katika ripoti hiyohiyo tulimlazimisha ajiite "mtafiti": mtafiti alikwenda, mtafiti alibaini. Neno "mimi" tulilikata kwa wino mwekundu. Kabla ya hapo alikaa miaka 13 shuleni akitaja na kuorodhesha hoja zilezile zilizomo katika daftari la mwalimu. Alipoomba chuo, zilitazamwa alama zake za kidato cha sita. Hakuna aliyemwuliza kwa nini anaitaka fani hiyo. Leo tunamtaka ajieleze ghafla, tena kwa Kiingereza, kisha tunashangaa akikimbilia steshenari, ambako maelezo ya mtu mwingine hubadilishwa jina na kuchapwa upya.

Na tusijifiche. Ni wahadhiri wangapi humwambia mwanafunzi, "Kaandike mwenyewe barua ya mapendekezo, uniletee nisaini"? Mimi nimewahi kusema hivyo, tena si mara moja, kwa kisingizio cha rundo la mitihani ya kusahihisha. Mwanafunzi anayeagizwa ajisifu kwa jina la mwalimu wake amekwisha kufundishwa kwamba karatasi hizi ni maigizo. Kutoka hapo hadi kumfisha baba si mbali.

Juzi ameniletea rasimu ya tatu. Baba hatajwi kabisa, na kwa hiyo yu hai. Vioski vya Mbagala vimeijaza nusu ya kwanza ya ukurasa, na Kiingereza chake kina makosa mawili matatu ambayo nimemwachia ayasahihishe mwenyewe. Barua ya mapendekezo ninaiandika mimi usiku huu. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa.