Risasi, Kibudu na Nyama ya Swala

Msomaji wetu wa Gerezani ametuandikia kwamba mumewe ameagiza kilo 20 za nyama ya swala kwa ajili ya walima wa binti yao. Mavyaa wake ameapa kwamba hatatia mdomoni mnyama aliyeuawa kwa bunduki, kwani huyo ni kibudu. Shughuli ni Jumamosi ijayo. Je, nyama ipikwe au iachwe?

Maswali ya namna hii yameongezeka tangu kanuni za mwaka 2020 ziliporuhusu mabucha yaliyosajiliwa kuuza nyamapori.

Bibi huyu hakubuni jambo. Katika Sura al-Maida, aya ya 3, miongoni mwa vilivyoharamishwa ni mnyama aliyekufa kwa kipigo. Na katika Hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (rehma na amani zimshukie) alitofautisha windo lililochomwa kwa ncha, ambalo huliwa, na lililogongwa kwa ubapa wa chombo, ambalo haliliwi. Wanazuoni wengi wa Kishafii na wa Kihanafi wa zama za magobore walipoitazama risasi, waliona tonge la duara la madini yasiyo na makali. Wakahukumu kwamba linaua kwa uzito na kishindo, si kwa kukata. Bila shaka hayo ndiyo aliyosomeshwa bibi, na hastahiki kuchekwa.

Imamu Shaukani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliitazama risasi upya akasema inatoboa na kupenya, hivyo hukumu yake ni ya mshale. Wanazuoni wengi wa zama zetu, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wamekwenda njia hiyo, nasi tunaiona yenye nguvu. Risasi ya leo ina ncha, huingia kifuani na kumwaga damu.

Hata hivyo si kila risasi inamfaa kila mnyama, na hapa mwindaji huonekana kama anamcha Mola wake. Risasi ndogo ya .22 humjeruhi swala akakimbilia vichakani kufa kwa mateso. Marisawa yakirushwa kutoka mbali humvunja miguu tu. Ile kubwa ya .375, ambayo ni ya nyati, huichana nyama ya mnyama mdogo ikabaki vipande. Kwa swala au kulungu, .243 au .270 yenye ncha laini inayofunguka ndani ya mwili inatosha kumwangusha upesi, almuradi mpigaji analenga moyo na mapafu.

Mwindaji akimkuta mnyama angali na uhai ulio thabiti, ni lazima amchinje. Hapo risasi haitoshelezi. Akifa kwa risasi kabla hajafikiwa, ndipo ikhtilafu tuliyoieleza inapokuja. Kutaja jina la Allah wakati wa kufyatua ni sunna kwa Mshafii na ni wajibu kwa Mhanafi, ila kwa aliyesahau. Kwa kuwa hapa Kariakoo wote wawili hununua bucha moja, ni vyema mwindaji alitaje daima. Na mnyama aliyeangukia mtoni akafia majini haliwi, kwa sababu haijulikani kilichomuua ni risasi au maji.

Kwa hiyo dada yetu amuulize mwenye bucha: nani alipiga, ni Muislamu au ni katika Ahlul Kitabu, na je, alimuwahi akamchinja? Aombe pia kuona usajili wa bucha, na achukue risiti. Nyamapori isiyo na hati ni kesi chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mkokoteni unaopita uchochoroni hauna hati.

Liko jambo la afya ambalo akina mama huambiwa mara chache. Risasi za madini laini ya ledi humeguka ndani ya nyama kuwa chembe zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota huko Marekani, maofisa waliviagiza vituo vya chakula cha msaada vitupe nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka, baada ya chembe hizo kugunduliwa. Ledi hudhuru ubongo wa mtoto na hupita kwa mama mjamzito. Kata sehemu pana kuzunguka jeraha uitupe, wala usiisage kuwa kima.

Tukirudi Gerezani: ikithibitika swala alichinjwa, bibi hana tena hoja na apakuliwe. Ikiwa alikufa kwa risasi, nyama ni halali kwa kauli tunayoifuata, lakini bibi asilazimishwe, wala asilishwe kwa kufichwa, kwani hiyo ni khiana. Apikiwe kuku katika sufuria yake, kwa mwiko wake. Na ikiwa mwenye bucha hatakuwa na jibu hadi Alhamisi, oda ivunjwe na mume awahi Vingunguti kutafuta mbuzi.