Usaili wa Ubingwa ni Posa, na Binti Naye Achunguze



Wengi wenu siku hizi mnatuandikia kuhusu hina, magauni na nani wa kumwita apambe ukumbi Mfunguo Mosi. Hayo yatakuja, inshaallah. Leo tuna habari ya bibi harusi mmoja mwenye posa mbili mkononi kwa wakati mmoja, na moja kati ya hizo si ya mwanamume.

Ni binti wa dada yetu. Alizaliwa Unguja, akakulia Ohio, Marekani, na anamaliza skuli ya udaktari huko huko. Ameshaposwa, mahari yamekubaliwa, harusi ni baada ya Ramadhani. Na tangu Oktoba mpaka Januari alikuwa akisailiwa na programu za ubingwa wa magonjwa ya akili, 11 kwa jumla, karibu zote kwa njia ya video, amekaa chumbani kwake na koti jeusi na mtandio wa kijivu.

Kabla ya usaili wa kwanza ukoo mzima ulimpa nasaha. Vua pete, wasije wakadhani utaolewa na kuzaa na kuwaachia kazi. Mtandio usiushushe, funga kilemba kidogo, kitawatisha kidogo. Na usiulize maswali mengi, wewe ndiye mwenye shida. Nasaha hii ya tatu tuliitoa sisi mama zake wadogo, tunakiri. Tulimtuma aende kama mtu anayeomba kazi ya ndani. Sasa tunasema tulikosea, na kwa kuwa wengi wenu mna mabinti skuli, tungependa msilirudie kosa letu.

Kwanza mjue mambo yanavyokwenda. Marekani, daktari aliyemaliza skuli hana budi kupita mafunzo hospitalini, na ya ubingwa wa akili ni miaka 4. Anapeleka maombi, programu zinazomtaka zinamwita kwenye usaili, kisha kila upande unaandika orodha yake kwa siri. Yeye anapanga programu kuanzia anayoipenda zaidi, na programu nazo zinawapanga madaktari. Orodha zote zinaingia kwenye kompyuta ya shirika liitwalo NRMP, na Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Machi kila mmoja anaambiwa ameangukia wapi. Ni pahali pamoja tu, na anafungwa napo. Kukataa ni kuvunja mkataba. Mwaka huu wa 2026 Ijumaa hiyo ni tarehe 20, siku zile zile tutakapokuwa tunautazamia mwezi wa Idi.

Kiswahili kinalo neno la jambo hili: kuoanisha. Na msidhani tunachezea maneno. Mwaka 1962 wataalamu wawili wa hisabati, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuhusu nafasi za vyuo na ndoa. Walitaka kujua namna ya kuwaoza watu wengi kwa pamoja hata asibaki mwanamume na mwanamke ambao kila mmoja angemtaka mwenzake kuliko yule aliyepewa. Hesabu ya namna ile ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta ya madaktari. Alvin Roth na Elliott Peranson waliitengeneza upya, ikaanza kutumika mwaka 1998, na mwaka 2012 Roth na Shapley wakapewa Nobeli ya uchumi. Kwa hiyo tukisema usaili ni posa, hatukutia chumvi.

Na hapa pana siri ambayo kila bibi harusi ataielewa haraka kuliko maprofesa. Katika hesabu ile, upande unaoposa ndio unaofaidika. Anayengoja kuposwa hupata mzuri kati ya waliomjia. Anayetoka kuposa huanza na aliye juu moyoni mwake na hushuka tu anapokataliwa. Tangu hayo marekebisho ya 1998, anayeposa ni daktari kijana, si hospitali. Binti hana sababu ya kuiweka juu programu asiyoipenda eti kwa kuwa ndiyo iliyomchekea. Kukataliwa na ya kwanza hakumpunguzii nafasi yake kwa ya pili.

Mwanamke kuanza si jambo geni kwetu Waislamu. Bi Khadija (r.a.) ndiye aliyepeleka neno kwa Mtume (s.a.w.), kupitia kwa rafiki yake Nafisa. Lakini tukisimulia kisa hiki harusini huwa tunaruka sehemu ya mwanzo. Kabla ya neno kulikuwa na uchunguzi. Alimkabidhi mali yake aende nayo Sham kwa biashara, akamtuma na mtumishi wake Maysara, na Maysara akarudi na habari za aliyoyaona njiani. Bi Khadija hakutosheka na sifa za mjini. Alikuwa na mtu aliyesafiri naye.

Basi tulipompigia simu binti yetu kabla ya usaili wa tatu tulimwambia: sahau tulivyokwambia, katafute Maysara wako. Akacheka, lakini alielewa. Karibu kila programu humpa mwombaji muda wa kukaa na madaktari walio mafunzoni, bila wakubwa wao kuwepo. Hao ndio waliosafiri. Mkuu wa programu atakwambia kuhusu jengo jipya. Dada wa mwaka wa pili atakwambia kama analala.

Akatunga maswali yake, na mengine yalitufundisha sisi. Aliuliza ni madaktari wangapi walioacha katikati katika miaka ya karibuni, na kwa nini. Aliuliza nani anamsimamia anapojifunza kutibu kwa mazungumzo, saa ngapi kwa wiki, na kama msimamizi huyo huwa anafika kweli au jina lake liko kwenye ratiba tu. Aliuliza kuhusu zamu za usiku: kanuni inasema saa za kazi zisizidi 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4, lakini je, watu wanaandika saa zao kwa ukweli? Aliuliza kama milango ya vyumba vya kuonea wagonjwa ina kioo, kama kuna kengele ya kuomba msaada, na kama daktari hukaa upande wa mlango. Swali hilo lilitupendeza sana, maana mlango wenye kioo humlinda na hatari, na pia humtuliza yule bibi wa ukoo anayeuliza kila siku kuhusu faragha na mgonjwa mwanamume.

Swali hilo hilo la kengele aliliuliza kwa watu watatu tofauti katika kila programu. Majibu yakifanana, vizuri. Yasipofanana, anaandika.

Lakini swali lililoamua mambo lilikuwa hili: mgonjwa akijiua, daktari aliyekuwa akimtibu anafanyiwa nini? Hatukujua kwamba swali kama hilo linaulizwa kwenye usaili. Yeye alisema, katika kazi hii linaweza kumfika yeyote, ataka kujua siku hiyo atakuwa peke yake au la. Kwenye programu moja kubwa, yenye jina ambalo baba yake angependa kulitaja barzani, mkuu alijibu kwamba upo utaratibu. Wale vijana wa mafunzoni wakatazamana. Kwenye programu nyingine, ndogo, katika mji wa theluji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia, dada mmoja wa mwaka wa tatu alimsimulia lake. Alisema usiku ule msimamizi wake aliendesha gari akamfuata nyumbani, wakakaa jikoni mpaka asubuhi. Alitolewa kwenye zamu wiki nzima bila kuomba. Na alipokwenda kuongea na mama wa marehemu hakwenda peke yake.

Binti yetu aliposimulia hayo, simu ilikuwa kimya upande wetu.

Kuhusu mtandio: hakuvaa kilemba, aliushusha kama kawaida yake. Usaili uliendelea. Somo pekee alilopewa lilikuwa la manufaa, kutoka kwa dada wa Kisomali aliyeko mafunzoni: wodini avae hijabu ya kuingiza kichwani, pini zibaki nyumbani, kwa usalama wake na wa wagonjwa. Kuhusu sala, programu moja ilimtumia picha ya chumba cha utulivu chenye mito ya rangi. Nyingine haikuwa na picha, ila kijana mmoja Mkristo akamwambia yuko mwenzao Mwislamu, akitaka kusali humkabidhi simu ya zamu kwa dakika 10, naye humlipa kwa kumshikia Krismasi. Sisi tunachagua ile ya simu.

Sasa pete. Hakuivua. Msaili mmoja akaiona, akamwuliza huku akicheka anatarajia kupata watoto lini. Kwa kanuni za hao NRMP hilo ni swali lisiloruhusiwa. Wala dini, wala hali ya ndoa, haifai mtu kuulizwa. Angeweza kunuka uso. Alijibu tu kwamba amejipanga kumaliza miaka yote 4, kisha akamgeuzia: likizo ya uzazi kwenu ikoje? Tangu Julai 2022 ACGME, baraza linaloidhinisha mafunzo haya, linataka daktari apewe angalau wiki 6 kwa mshahara kamili, walau mara moja katika mafunzo yake. Yule bwana hakuwa na habari. Binti aliandika hilo pia. Watu wetu walisema, unaona, pete imekuponza. Sisi tunaona pete imemwokoa. Anayechukizwa na pete yako ni bora umjue Januari kuliko Julai, ukiwa umeshahama na masanduku yako.

Haki isemwe: aliyealikwa mara 11 anaweza kuringa. Daktari aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi ana ngazi zaidi za kupanda. Atahitaji cheti cha ECFMG na viza, na mara nyingi viza hiyo ni ya J-1, ambayo ina sharti la kurudi kwenu miaka 2 baada ya mafunzo isipokuwa usamehewe. Akiitwa mara 2 tu, aziandike zote 2. Lakini hata yeye achunguze, na asiandike pahali ambapo anajua hatakwenda, kwa sababu akipangiwa huko hana pa kutokea.

Posa ya pili nayo ilikuwa imelala. Bwana harusi anafanya kazi Houston, na mavyaa alitaka orodha yote iwe ya Texas. Upo utaratibu wa wachumba wawili kuunganisha orodha zao, lakini ni kwa wawili wote walio madaktari, na huyu ni mhasibu. Tukashangaa wenyewe: mahari tuliyazungumza saa tatu nzima, na miaka 4 ya maisha ya watoto hawa hakuna aliyeigusa. Dada zetu, orodha hii na iwekwe mezani kabla ya nikaha, mbele ya wazee wa pande zote, kama yanavyowekwa mengine. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza sana kutimiza tuliyoshurutiana katika ndoa, sasa mtatimiza nini ikiwa hamkusema kitu? Na sharti kama hili lina hukumu zake, mwulizeni sheikh wenu. Bwana harusi, Allah amzidishie, aliisoma orodha akasema ya kwanza mpaka ya nne anaweza kuhama, ya tano hawezi. Binti akaifuta ya tano. Yote yalichukua nusu saa.

Likabaki la mavyaa: kwa nini vichaa? Kwa nini asiwe daktari wa kina mama?

Tulimjibu sisi, kwa sababu jibu ni letu. Tuna dada mwingine. Alipojifungua mtoto wake wa pili, ndani ya arobaini aliacha kula, akaacha kumtazama mtoto, usiku anakaa mlangoni. Tukasema ni jicho. Kombe alinyweshwa, dua zilisomwa, na kwa dua hatujuti. Tunajuta kwa daktari tuliyemkawiza, kwa kuwa kwetu mtu akitaja Kidongo Chekundu huteremsha sauti. Dada yetu ni mzima leo, alhamdulillah, lakini mtoto wake alilelewa na bibi miaka miwili ya mwanzo, na yeye hawezi kuitazama picha yoyote ya wakati ule. Binti yetu alikuwa na miaka 9, likizoni Unguja, aliyaona. Mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Sisi ndio tuliozitenganisha. Tunamtaka mmoja wetu mle chumbani, ajuaye kombe ni nini na asilicheke, na ajue pia kuandika dawa.

Mavyaa hakujibu kitu siku ile.

Binti ameshauriana, ameswali istikhara, na orodha inafungwa mwanzoni mwa Machi, Ramadhani ikiwa imeshaingia. Ule mji wa theluji ndio wa kwanza. Ile yenye jina kubwa ni ya tatu. Yule bwana wa pete hayumo.

Jana mavyaa amepiga simu. Ameuliza kama huko kwenye theluji nazi zinapatikana.