Kasi ya Kupandisha Wameificha Wapi?

Wandugu, hebu leo tuongelee namba moja ambayo kampuni za intaneti hazipendi uiulize.

Chukua tangazo lolote la intaneti ya nyumbani hapa Dar. Mara nyingi utakuta kasi moja tu, imeandikwa kwa herufi kubwa: "hadi Mbps 20". Hiyo ni kasi ya kushusha, yaani ya vitu vinavyotoka duniani kuja kwako. Kasi ya kupandisha, ya vitu vinavyotoka kwako kwenda duniani, utaitafuta mpaka kwenye maandishi madogo ya chini na usiione. Kwa nini?

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo kupandisha ndiyo kazi yangu. Natuma picha, natuma sauti, natuma video. Kampuni ninayoilipa (sitaitaja) inanipa megabiti 20 kwa sekunde kushusha na megabiti 2 kupandisha. Sasa piga hesabu. Video ya gigabaiti 1 ni megabiti 8,000. Kuishusha inanichukua chini ya dakika 7. Kuipandisha ni zaidi ya saa nzima, na hapo tumuombe Mungu umeme usikatike. Zaidi ya mara moja nimempa bodaboda flashi aipeleke ofisini, na amefika kabla video haijafika nusu. Nalipia intaneti halafu nalipia na bodaboda!

Nilipopiga simu kulalamika nikaambiwa wateja wengi wanashusha tu, hawana haja ya kupandisha. Jibu hili lina historia yake. Enzi za ADSL, intaneti ilipita kwenye waya wa shaba wa simu. Viwango vya mwaka 1999 viligawa nafasi ya waya ule bila usawa: kushusha hadi kama megabiti 8 kwa sekunde, kupandisha kama 1. Nafasi ilikuwa finyu, wakaamua anayepokea apewe sehemu kubwa. Sawa, tuwasamehe. Hata kwenye simu ya mkononi naelewa, kwa sababu simu yenye betri ndogo haiwezi kurusha mawimbi kwa nguvu kama mnara.

Lakini faiba je? Mfumo uliotapakaa duniani wa kufikisha faiba majumbani, GPON, unabeba gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda, zikigawanywa kwa nyumba kadhaa. Yaani kupanda ni nusu ya kushuka. Mfumo ulioufuata, XGS-PON, unabeba gigabiti 10 kila upande. Sasa mbili kwa moja imegeukaje kumi kwa moja ikifika sebuleni kwangu? Kioo hakikufanya hivyo. Ni mtu aliyekaa ofisini akaandika 20 huku na 2 kule, basi.

Twende mbele zaidi, mpaka baharini. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Ndani ya mikongo hii nyuzi zinakwenda kwa jozi: mmoja unaleta, mwenzake unapeleka, na uwezo wao ni sawa. Kama kweli sisi wote tunashusha tu, maana yake ule uzi wa kupeleka una nafasi kibao. Ni kama lori linalotoka bandarini na mzigo kwenda Tunduma kisha linarudi tupu, halafu mwenye lori anakukatalia kupakia gunia lako moja. Eti wateja wengi hawana magunia!

Sababu ninayoiona mimi ni biashara. Ukitaka kasi sawa pande zote mbili unaelekezwa kwenye vifurushi vya makampuni, na bei yake unaijua. Kwa hiyo mtu wa nyumbani anabanwa makusudi ili anayehitaji kupandisha ahamie kule.

Na anayebanwa ni nani? Ni kijana anayehariri video za harusi chumbani kwake. Ni mwanamuziki anayetuma nyimbo, mwalimu anayefundisha kwa video, mwanafunzi anayefanya usaili wa kazi na sura yake inaganda katikati ya sentensi. Sisi tunawezeshwa kutazama vya wenzetu saa 24, lakini kuonyesha vya kwetu ni adhabu. Halafu tunakaa kwenye makongamano tukijiuliza kwa nini Kiswahili ni kidogo kwenye mtandao.

Wewe usiyepandisha kitu usijione umepona. Hata ukishusha, kompyuta yako lazima irudishe ujumbe mdogo mdogo wa "nimepokea, leta nyingine". Mdogo wako akianza kuhifadhi picha zake mtandaoni akaujaza mlango wa kutokea, ujumbe huo unakwama kwenye foleni na filamu yako inaanza kukatakata.

Marekani nako kuna tatizo hili, ila angalau wanaliongelea kwa namba. Mwaka 2015 tume yao ya mawasiliano, FCC, iliweka kipimo cha intaneti ya kasi kuwa megabiti 25 kushusha na 3 kupandisha. Machi 2024 ikakipandisha kuwa 100 na 20. Aprili mwaka huohuo kampuni kubwa zikaanza kulazimishwa kuweka lebo inayoonyesha kasi zote mbili, mahali mteja anaponunulia.

Hapa kwetu tunayo TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Siombi wapange bei wala wajenge mtambo. Naomba kitu rahisi: kila tangazo la intaneti ya nyumbani liandike namba mbili, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wakati tunawasubiri, pima kasi yako leo usiku uone namba ya pili. Na siku ukienda kusaini mkataba mpya, usishike kalamu kabla hujauliza: "Na kupandisha je?"